Ng'ombe Kumi na Mmoja Waliobaki Wamesimama

Habari ya kifo cha Papa Shabani ilinikuta Kirumba, ndani ya zizi la mama mmoja, nikiwa nimepiga magoti kumtazama mbuzi aliyekataa kunyonyesha. Zaina, binti yake mkubwa, alinipigia simu kutoka Beni. "Dada Kavugho, Papa ametutoka asubui. Tunamuzika leo kisha sala ya alasiri." Alijua kwamba sitafika. Kutoka Kirumba mpaka Butembo ni safari, kutoka Butembo mpaka Beni ni safari nyingine, na siku hizi mtu haingii barabara ile kabla ya kuuliza waliotoka upande wa pili wameona nini. Waislamu nao hawalazi maiti. Nikamaliza kazi ya mbuzi, nikanawa mikono, nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mwenye mbuzi akaniuliza kama nimefiwa na baba. Nikamjibu ndiyo, kwa sababu ukweli ulihitaji maelezo marefu na mvua ilikuwa inakuja. Papa Shabani hakuwa ndugu yangu wala hakuwa wa dini yangu. Alikuwa mchinjaji, na mimi nilikaa kwake mwaka mmoja tu, tangu kiangazi kimoja mpaka kiangazi kilichofuata. Lakini nikijiuliza ni nani aliyenifanya niwe mtu ninayeweza kuishi naye, ni jina lake linalokuja kwanza.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu nilipotumwa kwenye machinjio moja pembeni mwa mji wa Butembo, kumsaidia mkaguzi wa nyama. Nilikuwa na diploma ya mifugo, koti jeupe lililonizidi mikono, na buti za mpira nilizoazima. Chumba nilikipata mtaa wa Kimemi, ndani ya parsele, yaani kiwanja chenye nyumba, ya Papa Shabani. Kilikuwa chumba cha mbao, kimeegemezwa kwenye nyumba yao, na kati ya kitanda changu na sebule yao kulikuwa na ukuta wa mbao nyembamba wenye nyufa zilizozibwa kwa kurasa za kalenda za zamani. Moshi wa mikaratusi uliingia, harufu ya chai ya tangawizi iliingia, na maneno yao yote yaliingia. Wiki ya kwanza nilijaribu kupika peke yangu kwenye jiko langu dogo. Mama Zaina, mke wake, alikuja akasimama mlangoni, akatazama sufuria yangu, akaichukua na kwenda nayo. "Mu hii parsele mutu hapana kula peke yake," alisema. "Utakuwa unaongea na nani?" Tangu jioni ile nilikula nao. Kulikuwa na bukari, ule ugali wa muhogo, sombe ya majani ya muhogo, maharage yenye mafuta ya mawese, na mara nyingine samaki wa ziwani Kyavinyonge. Nilipopiga ishara ya msalaba, Papa Shabani alingoja nimalize, kisha akasema bismillahi yake, ndipo mikono ikaingia sahanini. Hakuna siku aliyonitangulia. Nyama ilionekana pale Ijumaa tu. Nilimuuliza kwa nini, mtu anayechinja kila siku. Akanionyesha viganja vyake. "Mukono inashinda mu nyama tangu asubui. Basi kinywa ipumuzike."

Alikuwa mwembamba, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwaka, na sauti ambayo ilibidi umsogelee ndipo uisikie. Wachinjaji wengine niliowaona baadaye, Beni, Oicha, hata Goma, wengi wao walipenda kutazamwa. Yeye alijificha. Kisu chake alikibeba nyuma ya paja, upande ambao ng'ombe hakuweza kukiona, na hakukinoa hata mara moja mbele ya mnyama. Baada ya kila ng'ombe alimwaga maji sakafuni, ndoo tatu, nne, mpaka damu iishe, ndipo akaita mwingine. Mlango alitaka ufungwe, ili aliye uani asione yanayotendeka ndani. Wenye nyama, wafanyabiashara walioleta ng'ombe kuchinjwa, walimcheka. "Papa Shabani anasalimiaka bang'ombe sawa bakwe wake," walisema. Nami nilicheka pamoja nao, kwa sababu alitukawisha sana. Shuleni nilikuwa nimefundishwa maini, mapafu, minyoo, tezi. Kwangu mimi ng'ombe alianza kuwapo akiwa tayari ananing'inia. Asubuhi moja nilimkuta akimnywesha maji dume mmoja aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, nikamwuliza kwa nini anahangaika, wakati mnyama mwenyewe amebakiwa na dakika chache. Akajibu bila kuinua macho. "Kiu yake iko ya sasa, Kavugho. Kifo itakuja nyuma kidogo. Ako na haki yake."

"Haki gani?"

"Ya maji," alisema, akainua ndoo ili dume afikie chini yake.

Kitu kimoja tu kilimfanya apandishe sauti. Kumlaza ng'ombe kwa kamba kunataka wanaume wanne na subira. Ukiwa na haraka kuna njia ya mkato, nayo ni kumkata mishipa ya miguu ya nyuma kwa panga, akaanguka mwenyewe, kisha unamwita mchinjaji. Vijana wa uani walikuwa wameizoea kabla yangu. Papa Shabani aliwakataza, nao waliacha alipokuwapo, na mara nyingine walirudia alipokuwa ameinamia kazi ndani. Nilijua jambo hilo. Nilikuwa hata nimeliandika kwenye daftari, kwa maneno ya shuleni, kana kwamba ni ugonjwa wa mahali pengine.

Mkesha wa Noeli, mkaguzi mwenyewe, ambaye sote tulimwita Shefu, alikwenda Lubero kwa familia yake akaniachia mhuri. Lori la kutoka Kirumba lilitegemewa alfajiri. Liliingia karibu saa nne asubuhi, katikati ya mvua, na ng'ombe kumi na wanne waliokuwa wamesimama ndani yake tangu jana. Hatukuwa na mahali pa kuwateremshia. Lori lilizoea kugeuza mgongo kwenye kichuguu cha udongo, vijana wakafungua mlango wa nyuma, wakamvuta mmoja kwa kamba na kuwasukuma waliobaki kwa fimbo. Siku ile kichuguu kilikuwa tope. Wa kwanza, jike mweusi, aliruka na mguu wake wa mbele ukaingia chini ya mwili. Mfupa nilisikia ukivunjika nikiwa mlangoni mwa ofisi. Waliobaki walirudi nyuma, wakapandiana, na ilichukua saa nzima kuwatoa, na wakati huo wote jike mweusi alikuwa amelala matopeni akijaribu kuinuka. Nje ya lango wanawake walikuwa wamepanga mstari na mabeseni yao kichwani kama kinga ya mvua. Papa Kambale, kiongozi wa wenye nyama, alinijia. Hakuwa mtu mbaya. Kila asubuhi alinisalimia kwa Kinande kama binti yake, na mama yangu alipougua ndiye aliyenipa mtu wa kumleta hospitali. "Mamuzeli," alisema, "angalia bale bamama. Tukianza kufunga kamba moja moja, tutamaliza kesho, na kesho ni Noeli. Shefu hayuko. Donc ni wewe. Sema tu bakate miguu."

Nilitazama saa. Nilikuwa nimelowa, nilikuwa na njaa, na nilitaka sana aendelee kuniona kama mtu anayeweza kazi. Nikasema, "Bakate."

Neno lenyewe halikuchukua muda. Walianza na yule jike mweusi, wakafuata wawili waliokuwa karibu naye. Ng'ombe aliyekatwa mishipa ya nyuma anaketi. Miguu ya mbele inasimama, ya nyuma imekufa, naye anaketi kama mbwa, anageuza kichwa kutazama nyuma yake ajue ni nini kimemshika. Wale wengine kumi na mmoja walisimama kando ya ukuta wakiwaona. Ng'ombe hupiga kelele, watu wa mifugo wote wanajua hilo, lakini wale hawakutoa sauti yoyote, na ni ukimya ule uliomtoa Papa Shabani ndani. Alisimama mlangoni, mvua ikamgonga kofia. "Nani alisema?" aliuliza. Vijana walitazama mapanga yao. Papa Kambale alitazama lori. Mimi nilifungua daftari nikalisoma, ukurasa usio na kitu. Alinitazama nikisoma ukurasa ule. Kisha alivua koti lake, akaenda kwa jike mweusi, akamfunika macho, akamchinja palepale alipolala. Akafanya hivyo kwa wa pili, na wa tatu, kila mmoja akisema naye maneno yake ya chinichini. Alipomaliza aliosha kisu kwa maji ya mvua yaliyotiririka kutoka kwenye bati, akakifunga kwenye kitambaa. "Bale batatu singeweza kubaacha hivi," alimwambia Papa Kambale. "Mais leo nimemaliza." Akatoka langoni kwa miguu, akapita katikati ya wanawake na mabeseni yao, na ng'ombe kumi na mmoja wakabaki wamesimama.

Yaliyofuata sitayaeleza yote. Walimleta mtu wa sokoni aliyezoea mbuzi. Alikuwa na kisu kifupi na aliogopa, na mtu anayeogopa akishika kisu ni taabu juu ya taabu. Ilikwenda mpaka jioni. Mimi nilipiga mhuri. Sijapata tena kuona nyama nyeusi kama ile.

Kesho yake nilikwenda misa, na niliporudi nikakuta Mama Zaina amenitandikia kitambaa kipya mezani. Amepika wali na kuku kwa ajili ya sikukuu yangu. Kuku alichinjwa na Papa Shabani mwenyewe. Aliniwekea paja kwenye sahani, akasema, "Sikukuu njema, mwana," na akangoja, kama kawaida yake, nipige ishara ya msalaba. Mkono ulinigomea njiani. Nilikula, kwa kuwa Mama Zaina alikuwa akinitazama. Papa Shabani aliongea habari za mvua, na za binamu yake wa Beni aliyenunua lori. Hakuna alichoniuliza.

Mjini hadithi ilikuwa imeshapata miguu yake yenyewe. Pale sokoni nilisikia mwuza vitunguu akimweleza mwenzake kwamba yule mchinjaji aliacha ng'ombe makusudi ili Wakristo wakose nyama ya Noeli. Wiki iliyofuata, nje ya kanisa, mama mmoja ninayemheshimu alisema dini zao ndivyo zilivyo. Waislamu wa Butembo ni wachache, wachuuzi na watu wa malori, na walikuwa wakiishi na majirani zao bila neno. Sasa kijana aliyekuwa akimletea Mama Zaina maziwa aliacha kuja. Wenye nyama waliandika barua kumtaka Shefu amwondoe Papa Shabani kwa kuacha kazi, na Shefu akamsimamisha mpaka mkutano. Zilipita wiki tatu. Kila asubuhi nilivaa buti zangu nikaenda machinjio, nikamwacha yeye ameketi uani akichambua maharage pamoja na mke wake. Kila jioni nilirudi nikala sahani moja naye.

Nilijiambia kwamba angesema mwenyewe. Akisema, nitakubali. Ilikuwa rahisi kufikiri hivyo. Asubuhi moja kabla sijatoka, nilikuwa nimeinama nafunga buti, chai ikichemka upande wa pili, nikamsikia Mama Zaina kupitia ukutani. "Baba Zaina, juu ya nini hausemi? Batu banatukana dini yetu, na wewe unajua ni nani alitoa oda. Ako hapa, anakula kwetu."

Nikasikia kijiko cha Papa Shabani kikizunguka kikombeni. "Ako na kinywa yake," alisema.

"Na kama hasemi?"

"Mimi nikisema, atakuwa mutu mwenye balimukamata. Yeye akisema, atakuwa mutu mwenye alisema. Muache. Angali anatafuta."

"Na kazi yako?"

"Kazi iko ya Mungu. Leta sukari."

Nimeishi zaidi ya miaka thelathini tangu asubuhi ile, nimesoma vitabu, nimekaa kwenye semina zenye mashine za kuonyesha picha ukutani, ambako watu kutoka mbali walitufundisha jinsi ya kumwongoza mwanafunzi. Sijasikia somo lililolishinda lile. Yeye alikuwa anapoteza jina lake mjini, na alinihesabia kosa langu kama safari ambayo bado sijaimaliza. Siku ile nilitembea mpaka machinjio nikilia, na watu wa njiani wakanipa pole wakidhani nina msiba.

Mkutano ulifanyika katika ofisi yetu, chini ya bati lililovuja. Wenye nyama walijaa kwenye mabenchi, Papa Shabani aliketi karibu na mlango na kofia yake magotini. Shefu alisoma barua. Papa Kambale akasimama kueleza jinsi mji ulivyopata hasara na aibu siku ya sikukuu. Ndipo nikasema, bila hata kuomba nafasi, "Ni mimi nilisema bakate." Sauti yangu ilitoka ndogo, Shefu akaniambia nirudie. Nilirudia. Nikasimulia lori, jike mweusi, saa yangu, na daftari. Nikasema Papa Shabani hakuacha kazi kwa ajili ya dini wala ya sikukuu. Aliacha kwa sababu nilimletea wanyama walioharibiwa, na mimi ndiye niliyekuwa na mhuri. Nilipoketi, nilisikia maji yakidondoka kwenye ndoo. Papa Kambale alikuwa wa kwanza kusema. "Ni vrai," alisema, akitazama mikono yake. "Na mimi ndiye nilimusukuma. Huyu mutoto hapana peke yake."

Shefu aliniandikia barua ya onyo, ambayo bado ninayo, na majaribio yangu ya kazi yakaongezwa miezi sita. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa, basi barua ile niliipokea kama zawadi. Kisha akamgeukia Papa Shabani na kumwuliza anataka nini ili arudi. Sote tulitegemea angetaka kuombwa radhi. Yeye alisema anataka mahali pa ng'ombe kuteremkia kutoka kwenye lori kwa miguu yake. Basi.

Nilirukia neno lile. Niliwaeleza wenye nyama mambo niliyosoma, kwamba mnyama aliyetishwa nyama yake inakuwa nyeusi na haikai, kwamba penye jeraha panatupwa, kwamba wenyewe waliona nyama ya Noeli. Waliitikia kwa vichwa. Maneno ya namna ile waliyajua. Nilijiona nimeshinda. Tulipokuwa tunarudi Kimemi, tulipokwisha kupita daraja, Papa Shabani akasema, "Umeongea muzuri. Mais umeongea juu ya nyama. Siku moja batapata dawa ya kufanya nyama ikae nyekundu hata ukimupiga ng'ombe. Siku ile utabaambia nini?"  Akacheka kidogo, ile mara ya kwanza tangu Noeli. "Basi tufanye hivi. Wewe utasemea nyama, mimi nitasemea ng'ombe. Wa kwanza kuchoka, mwenzake atamusaidia." Niliendelea kusemea nyama miaka mingi, kwa sababu ndiyo lugha inayofungua milango ya maofisi. Lakini tangu siku ile nilijua kwamba ninatafsiri tu.

Ngazi ya kuteremshia ng'ombe tuliijenga kwa salongo, kazi ya pamoja isiyo na malipo, Jumamosi baada ya Jumamosi, watu wote na majembe. Papa Kambale alileta magogo ya mikaratusi kutoka shamba lake. Mvua ya mwezi wa tatu iliibeba yote kwa siku moja, tukaanza upya kwa mawe. Mama Zaina alileta bukari kwenye beseni kubwa, na wale wenye nyama walioandika barua walikula kwenye beseni lile, wakimtania kwamba chumvi ni kidogo. Nilimwona mmoja wao akimwomba Papa Shabani msamaha wakiwa wameshika jiwe moja pande mbili, na Papa Shabani akimwambia aangalie vidole vyake. Jumatatu iliyofuata kijana wa maziwa alirudi parsele, akaweka chupa mlangoni kama vile hakuwahi kukosa siku.

Lori la kwanza lilipotia mgongo kwenye ngazi mpya, tulikusanyika wote kutazama, na ng'ombe wakakataa kushuka. Mlango ulikuwa wazi, njia ilikuwa imara, nao walisimama tu. Kijana mmoja alishika fimbo. Papa Shabani akainua kiganja, kijana akaishusha. "Tuondoke mbele yao kidogo," alisema, tukasogea mpaka ukutani, wanaume wazima thelathini na mimi, tumenyamaza kama kanisani. Dakika zilipita. Papa Kambale alitazama saa yake, akaingiza mkono mfukoni ili asiione tena. Mwishowe jike mmoja mzee mwenye pembe iliyopinda alishusha kichwa, akanusa jiwe la kwanza, akaweka mguu mmoja, akaupima, akaweka wa pili. Akashuka. Waliobaki wakamfuata mmoja mmoja, kwato zikigonga mawe, mpaka uwanja ukajaa. Hakuna aliyeanguka. Nilijua vizuri wanakokwenda, sikujidanganya, na bado nilihisi kitu ambacho mpaka leo nakiita furaha kwa kukosa neno jingine. Papa Shabani alichukua ndoo akaenda kuwanywesha.

Kwenye arobaini ya kifo cha Papa Shabani nilifika. Dereva aliulizia barabara, akaambiwa ni njema. Nyumba ya Zaina ya Beni ilijaa watu mpaka uani, mikeka imetandikwa, na Mama Zaina, ambaye sasa anaona kwa vidole, alinishika uso akasema, "Umekonda. Unakula peke yako." Baada ya dua walileta chakula. Mjukuu mmoja, Rehema, mwanafunzi wa sheria, alipitisha sahani ya nyama kwa wengine bila kujipakulia, na mjomba wake akaanza kumtania. Binti wa ukoo wa mchinjaji hali nyama, basi dunia imekwisha. Rehema hakukasirika. Alisema siku moja sheria itamtambua mnyama, si kama mali ya mtu, bali kama mwenye uhai wake, na watoto watakaozaliwa watatuuliza tulifanyaje haya yote. Mjomba alicheka, wengine wakacheka. Zaina akaniinamia sikioni kunieleza. Walipokimbia vita kule Mbau, Rehema akiwa mdogo, ndiye aliyewafunga mbuzi vizuri kwa kamba ili wasipotee mpaka familia irudi. Walirudi baada ya siku nyingi, wakawakuta bado wamefungwa, wamekufa kwa kiu. Tangu hapo hajala nyama.

Baadaye Rehema alikuja kuketi karibu nami. Alikuwa amesikia kwamba nilifanya kazi na babu yake. Nikamsimulia yote, na lile neno langu pia, ambalo wengi mle ndani hawakulijua. Nikamwambia kwamba ng'ombe wote waliopita mikononi mwangu kwa utulivu, Butembo, Beni na Kirumba, wanadaiwa shukrani na babu yake, na mimi nawatangulia. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza alichokuwa anataka kuuliza tangu mwanzo. "Mama Kavugho, Babu alikuwa anapenda ile kazi?"

Nikamwambia kwamba mimi pia nilimwuliza, wiki ya mwisho kabla sijahamishwa. Tulikuwa uani Kimemi, tunachambua maharage. Nilimwuliza, kama watu wote wangeacha kula nyama kesho, yeye angefanya nini. Nilidhani atasema atalima, au atakwenda kwa binamu yake wa malori. Maharage yakipita vidoleni mwake, akasema, "Ningelala mpaka jua itoke."

Rehema alitabasamu, halafu tabasamu likamwacha. "Alikuwa anaamuka saa ngapi?"

"Saa kumi ya alfajiri. Kila siku ya kazi, tangu ujana wake mpaka alipohamia huku kwenu."

Akatazama upande wa mkeka ambako Mama Zaina alikuwa amelala kidogo, mkono chini ya shavu. Niliona midomo ya Rehema ikizihesabu alfajiri zile polepole, mwaka kwa mwaka, mpaka ikafika mahali ikaacha. Kisha akainuka, akachukua khanga, akaenda kumfunika bibi yake, na akafunga mlango ili kelele za wageni wa uani zisimwamshe.